Gia kugoma asubuhi kwenye Hilux ya zamani: pima klachi kabla giaboksi haijashushwa

Ndugu uliyeuliza kuhusu Hilux yako ya mwaka 1994 ambayo kila asubuhi hugoma gia ya kwanza na hukwaruza vibaya unapoingiza ya kurudi nyuma, nimesoma kwamba fundi amekushauri ununue giaboksi nyingine iliyokwisha kutumika. Nakuomba usubiri. Mimi ni mkazi wa Bukavu, nimeendesha gari la aina hiyohiyo kwa miaka 11, na fedha niliyopoteza kwa ushauri wa namna hiyo bado inaniuma.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana moja. Zima injini, kanyaga klachi (ambreyaje, kama tunavyosema huku) hadi chini kabisa, kisha pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, lakini zikagoma mara tu inapowashwa, basi giaboksi yako huenda ni nzima, na tatizo ni klachi isiyoachia sawasawa: diski ya klachi inaendelea kuburutwa na injini, shafti inayoingia kwenye giaboksi inaendelea kuzunguka, na meno hayapati nafasi ya kukutana kwa utulivu. Gia ya kurudi nyuma hupiga kelele kuliko nyingine kwa sababu katika magari mengi ya zamani haina sinkro, yaani pete inayosawazisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, hapo ndipo utazame mkono wa gia au ndani ya giaboksi yenyewe.

Kipimo cha pili: washa injini, kanyaga pedali mara tatu au nne harakaharaka, kisha ujaribu tena gia ya kwanza. Ikikubali baada ya kupampu, kuna hewa katika mfumo wa mafuta ya klachi (mafuta yanayopeleka nguvu ya mguu kutoka kwenye pedali hadi kwenye klachi), au kuna mpira unaovujisha. Hali hii huonekana zaidi asubuhi, baada ya gari kulala usiku kucha bila pedali kuguswa.

Gari langu lilikuwa hivyohivyo. Garaji moja ilishusha giaboksi, ikafunga diski mpya, plato mpya (sahani inayoibana diski) na beringi mpya ya klachi, na siku mbili baadaye gia zikaanza kugoma kama kwanza. Kila aliyekagua alisema mfumo wa mafuta ni mzima kwa kuwa hakuona tone lolote chini ya gari. Mzee mmoja fundi ndiye aliyenionyesha ukweli kwa muda usiozidi dakika tano. Aliniambia nikanyage pedali na nisiiachie, naye akalala chini akitazama kijiti cha silenda ya chini, ile iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Kijiti kilisukuma vizuri, kisha kikaanza kurudi polepole ilhali mguu wangu bado ulikuwa umekanyaga. Mpira wa ndani wa silenda ya juu, ile inayosukumwa na pedali, ulikuwa umechakaa, na mafuta yalikuwa yakipita pembeni mwa pistoni na kurudi kwenye chupa yake bila kumwagika nje. Unaweza kulithibitisha hilo peke yako mahali tambarare: simama katika gia ya kwanza, injini ikiwa imewashwa na klachi ikiwa imekanyagwa, na uhesabu hadi kumi. Gari likianza kujivuta lenyewe wakati mguu wako haujasogea, usiguse giaboksi.

Kagua pia mambo haya. Inua zulia na upapase sehemu ambapo kijiti cha pedali huingia kwenye silenda ya juu. Unyevu hapo unaonyesha mipira imekwisha. Funua kifuniko cha mpira cha silenda ya chini na utazame kama kuna mafuta ndani yake. Kisha mtu akanyage pedali huku wewe umeshika paipu ya mpira iendayo kwenye silenda hiyo: ikivimba mkononi, nguvu ya mguu inapotelea humo. Ukiongeza mafuta, tumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, kama yanavyoandikwa kwenye chupa. Nimewaona watu wakimimina oili ya injini kwa kukosa mafuta yenyewe, na mipira yote huvimba na kuharibika, hata ile mipya.

Kuhusu mkono wa gia kucheza kama kijiko ndani ya kikombe, ulivyoeleza, katika Hilux za miaka hiyo kuna kipande kidogo cha plastiki kwenye ncha ya chini ya mkono, nacho huliwa hadi kumalizika. Kukibadilisha hakuhitaji kushusha kitu. Vua mpira wa juu, bonyeza kifuniko kuelekea chini, kizungushe kinyume cha saa, na mkono utatoka. Ziba tundu hilo kwa kitambaa safi ili mchanga usidondokee ndani.

Giaboksi huwa mgonjwa wa kweli pale gia moja tu inapokwaruza wakati nyingine zote ni laini, au gia inaporuka yenyewe unapoachia pedali ya mafuta kwenye mteremko. Ukitaka kumwaga oili yake, fungua kwanza nati ya kujazia iliyo ubavuni, kwa sababu ikikwama baada ya kumwaga utabaki na gari lisiloweza kutembea. Tope laini la kijivu kwenye nati ya chini ni la kawaida. Vipande vya chuma au vya rangi ya shaba si vya kawaida.

Umetaja pia kwamba ukipanda milima ya Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, mlio wa injini unapaa lakini mwendo hauongezeki. Hilo ni jambo tofauti na la kwanza: ni diski inayoteleza, na milima yetu inaimaliza mapema, hasa kwa dereva anayezuia gari lisirudi nyuma kwa klachi badala ya breki ya mkono. Vuta breki ya mkono kwa nguvu, ingiza gia ya tatu, na uachie klachi taratibu. Injini ikiendelea kunguruma bila kuzimika, diski imekwisha. Fanya hivyo mara moja tu, kwani kipimo chenyewe kinaichoma. Kama ndivyo, giaboksi italazimika kushushwa, lakini umwambie fundi akague sili ya nyuma ya injini (mpira unaozuia oili isivujie kwenye klachi) wakati pako wazi, na silenda ya juu itengenezwe siku hiyohiyo.