Kutengeneza gemu: uanze peke yako au na timu? Yaliyonikuta mimi hapa Tanga

Mdogo wangu uliyeuliza kama unaweza kuanza kutengeneza magemu na laptopu ya RAM 4, na kama utafute timu kwanza au ujifunze mwenyewe, ngoja nikujibu kwa kirefu maana miaka mitatu nyuma swali hilo lilikua langu na nilianza vibaya.

Niko Tanga, Ngamiani huku. Mchana natengeneza simu, usiku ndo nadizaini. Kodi, yani kuandika programu, naijua kiasi, kuchora siwezi kabisa, ila kitu ambacho nakipenda toka mdogo ni sheria za mchezo, yani kwa nini mchezo huu watu wanaucheza mpaka kahawa inapoa na ule mwingine wanauacha ndani ya dakika tano. Nimekua pembeni ya baraza la bao, nadhani ndo imenitoka huko.

Sasa wazo langu la kwanza lilikua kubwa, vita vya Tanga vya Novemba 1914, pale Waingereza walipoleta askari kama 8,000 kwa meli kutoka India wakashindwa na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000 hivi, wengi wao Waafrika, na katikati ya mapigano nyuki wakatoka wakauma watu wa pande zote. Hapa kwetu habari ya wale nyuki tunahadithiwa toka utotoni. Nikaandika kurasa 40, nikakusanya watu watano tukafungua grupu la WhatsApp, nikagawa kazi. Na kila kilicholetwa nilikirudisha. Dada anayetuchorea alichora askari mara saba, mara kofia sio, mara mguu mrefu, fundi wa kodi naye nambadilishia mfumo wa risasi kila wiki kwa sababu jana usiku nimewaza kitu kipya. Miezi minne ikaisha tuna askari mmoja anatembea kwenye ufukwe mtupu. Watu wakaanza kupotea. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, na mimi nikawa nawalaumu hivohivo kwamba ni watu wa kupita, mpaka yule dada aliponiambia uso kwa uso, "Kaka, hili gemu ni lako sio letu, sisi umetufanya vibarua." Iliniuma sana na alikua anasema kweli. Nilimwomba radhi yeye na fundi wa kodi, wale wengine watatu hawakurudi.

Tukabaki watatu, tukachagua kitu kidogo, bao kwenye simu. Nikadhani hapa sasa najua kila kitu. Tukatengeneza ubao wa mashimo 32, kete 64, tukapanga mbilimbili kila shimo, likacheza vizuri tu. Jumamosi nikalipeleka barazani nikampa mzee mmoja, nimemsalimia, kavaa miwani, kacheza zamu moja akairudisha simu. "Hili la kujifunzia watoto. Kete za mkononi ziko wapi?" Alikua na haki, bao lenyewe kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni upande wake, sita kwenye nyumba (lile shimo la mraba) na mbilimbili kwenye mashimo mawili, zile 22 unazo mkononi unaziingiza moja moja kila zamu, hiyo ndo namua, zikiisha ndo mnaingia mtaji, hatua ya pili ya kucheza na zile za ubaoni tu. Kwenye namua ndo mtu anapanga vita yake, ukiiondoa umeondoa nusu ya akili ya mchezo. Na mimi niliijua hiyo toka nina miaka kumi ila nilikimbilia njia rahisi kwa sababu ya skrini ndogo.

Tukabishana wiki nzima. Fundi wa kodi anasema namua itawachosha wasiojua bao, mimi nasema bila namua wazee hawataligusa. Zamani ningelazimisha. Safari hii tukatengeneza zote mbili, mbovumbovu bila picha, mashimo ni viduara tu, tukawapa wazee na tukawapa vijana wa mtaani, sisi tumekaa kimya hatuelekezi, tunaandika tu mtu anakwama wapi. Wote tulikua sahihi nusu nusu. Vijana walipotea kabisa na zile 22 za mkononi. Kwa hiyo saivi anayeanza anapewa la kujifunza, akishinda michezo mitatu namua inafunguka, na mwenye kujua anaingia moja kwa moja.

Lakini kitu bora kuliko vyote kwenye gemu letu sio wazo langu. Yule dada aliona wazee wanahesabu kwa masikio, kete zikidondoka wanajua zamu imelala, yani imeishia hapo, au inaendelea bila hata kuangalia vizuri. Akaenda na komwe na ubao akarekodi mlio, kete moja moja, shimo tupu mlio wake na shimo lenye kete mlio wake. Mzee yuleyule safari ya pili hakuirudisha simu mpaka chaji ikakaribia kuisha!

Kwa hiyo kuhusu timu, wawili au watatu wanatosha, na kabla ya yote andikeni karatasi moja tu nani mwenye neno la mwisho kwenye nini. Kwetu mlio na picha ni wa dada, nikipinga naweza kupinga lakini yeye ndo anaamua. Hela pia andikeni hata kama hakuna hata mia, sisi ni sawa kwa sawa. Na jifunzeni Git mapema, programu ya kutunza matoleo ya kazi yenu, tulikua tunatumiana faili kwa WhatsApp mpaka siku moja kazi ya wiki nzima ya mwenzangu ikafutwa na faili langu la zamani, kijana wa watu alikaa kimya siku mbili.

Malengo yetu ni hili bao liingie Play Store likiwa na maneno yake, namua, mtaji, takasa (zamu ya kusogeza kete bila kula), hatuyabadilishi. Halafu narudi kwenye 1914 ila kadogo, dakika kumi tu, mchezaji ndo mzinga wa nyuki. Hilo nalo ni wazo la fundi wa kodi na nimelipenda kuliko kurasa zangu 40.

Laptopu ya RAM 4 inatosha kwa gemu la 2D. Chukua Godot, injini (programu) ya kutengenezea magemu, ni bure kabisa na haina mkataba wa kukukata hela ukiuza, injini yenyewe haifiki MB 200. Ila kutoa gemu liende Android utahitaji templeti zake, hizo ni nzito kuliko injini, na pia JDK na Android SDK, vifaa vya Java na vya Android vya kuligeuza gemu liwe app, kwa hiyo subiri bando la usiku. Mimi nilikwama kwenye JDK siku tatu kwa sababu niliweka toleo lisiloendana, na wewe ukifika hapo ukakwama weka picha ya ile eror hapa tuiangalie.