Ukienda Ise, Usitegemee Kuona Jengo Kuukuu

Mwaka 2016 nilifika Ise, katika mkoa wa Mie nchini Japani, nikitarajia kuona mbao zilizochakaa kwa karne nyingi, kwa kuwa hekalu la Ise ndilo linaloheshimiwa kuliko yote katika dini ya Kishinto. Nilikuta mbao changa, kama za nyumba ambayo fundi ameikabidhi juzi. Kosa lilikuwa langu, maana sikuwa nimesoma vya kutosha: tangu mwaka 690, ukiacha kipindi cha vita cha karne ya 15 na ya 16 ambapo desturi ilikatika, majengo makuu hujengwa upya takriban kila miaka 20 kwenye kiwanja cha jirani, kisha yale yaliyotangulia huvunjwa. Ujenzi wa 2013 ulikuwa wa 62, na unaofuata umepangwa kukamilika 2033. Kilicho cha kale pale ni ufundi.

Anza Gekū, hekalu la nje la Toyouke, mungu wa kike wa chakula, ambalo ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Iseshi. Ndiyo desturi, nami niliivunja bila kujua. Huko usikipite kile kiwanja kitupu kando ya hekalu kilichotandazwa mawe, chenye kibanda kidogo peke yake katikati. Mimi nilikitazama kwa muda mrefu kuliko jengo lenyewe.

Kisha panda basi hadi Naikū, hekalu la ndani la Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Hakuna kiingilio, na milango hufunguliwa saa 11 alfajiri, hivyo wahi kabla ya makundi ya watalii. Nawa mikono kwenye ukingo wa mto Isuzu. Aliyezoea udhu hatahitaji kuelezwa sana, ingawa ibada ni nyingine. Ukifika kwenye ngazi za mawe, weka simu mfukoni, kwa sababu kuanzia hapo picha haziruhusiwi. Mimi nilikuwa nimeshainua yangu, mlinzi akanipungia mkono kwa upole, nikaona haya. Inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena. Mbele yako kuna pazia jeupe tu, na upepo ukiliinua utaona ua, basi.

Wakati wa kutoka, simama kwenye daraja la Uji, lililo kwenye mlango wa Naikū, chini ya torii (lango la hekalu la Kishinto) ya upande wa ndani. Nguzo zake mbili zilikuwa nguzo za hekalu kuu lililotangulia.