Rungwe mwekundu? Baba mkwe anakataa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mume wangu amenunua mchoro wa rangi za mafuta, mlima Rungwe ukionekana kutoka upande wa Tukuyu. Mlima ni mwekundu, anga la njano, migomba imepinda yote upande mmoja. Baba mkwe, mzaliwa wa huko, anasema aliyechora hajawahi kuuona Rungwe. Nimekutumia picha. Nimjibu nini mzee?
Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee anasema kweli, Rungwe anaoujua yeye ni wa kijani na ukungu. Ila mchoraji wako ameuchora jinsi ulivyomkalia moyoni, na njia hiyo ina wenyewe. Ernst Ludwig Kirchner, Mjerumani, alihamia Davos, Uswisi, mwaka 1917, jeshi limemwacha mgonjwa wa mwili na roho. Milima ya huko akaipaka zambarau na waridi, na hakuna anayedai hakuiona. Aliishi katikati yake.

Sasa tazama wako. Acha rangi kwanza, fuata brashi ilikopita. Mlimani rangi imerundikwa nene, mistari inashuka kwa kasi toka kileleni, na migomba imeinamia hukohuko. Mlima umekula karibu kitambaa chote, anga limebaki ukanda mwembamba. Mimi nasoma uzito hapo: mtu anayeishi chini ya volkano, hata kama imelala, na hasahau.

Halafu kuna kitu nadhani hamjakiona. Chini kushoto pana nyumba ya bati, ndogo kama ukucha. Hapo brashi imetulia. Kuta zimenyooka, mlango umepakwa bluu safi, kingo hazijachafuka hata kidogo. Mkono uleule uliofyeka mlima umefika hapa ukaenda polepole. Kwangu mimi mchoro huu ni wa nyumba hiyo, na mlima unaielemea. Mwingine atasema mlima unailinda. Simkatalii, mradi anionyeshe kwenye rangi wapi ameliona hilo.

Usibishane na mzee. Tundika mchoro pembeni ya dirisha, mwanga uupige ubavuni, unene wa rangi utajitokeza. Usiuweke karibu na jiko la mkaa, masizi hayatoki kirahisi. Kisha mwite, umuulize jicho lake limeanzia wapi. Akiutaja ule mlango wa bluu, niandikie.