Kikao kikiisha ndipo wanaongea

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka nikakosa nusu yake. Unasema ukifungua kikao kwenye kompyuta hapo Kigali, watu kumi na mmoja wananyamaza kama wako msibani. Ukishakifunga tu, simu inaanza kuita meseji, kila mmoja na lake pembeni. Unaniuliza, "Mama, wewe umeandika mihtasari ya vikao miaka yote hiyo, nakosea wapi?"

Watu wako wana maneno, na meseji zao ndizo ushahidi. Hawaoni pa kuyapitishia.

Nilipokuwa karani wa vikao vya ushirika, nilikuwa nakaa ubavuni kwa mwenyekiti. Yule mzee aliongea kidogo sana. Kazi yake ilikuwa kuangalia. Mtu wa dirishani akivuta kiti mbele, anajua huyo ana neno. Mama fulani akimnong'oneza jirani yake, anajua hoja haijakaa sawa, anasema, "Hebu tusikie kutoka upande ule." Wewe sasa una visanduku kumi na kimoja, nusu vyeusi vyenye herufi ya jina tu. Kiti kinavutwa huko Dar, wewe hukioni.

Halafu sauti yenyewe inachelewa. Watu wakiwa uso kwa uso, mmoja akimaliza na mwingine akadakia, katikati hupita wastani wa kama milisekunde 200 tu, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Watafiti walilipima hilo kwenye lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, wakalichapisha mwaka 2009. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linashauri sauti ya simu isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Mtandao ukilemewa, kiwango hicho kinapitwa. Matokeo yake umeyaona mwenyewe: wawili wanaanza pamoja, wote wanasimama, "endelea wewe", "hapana, endelea wewe", kimya. Mwenye cheo ndiye anaendelea. Yule kijana wako wa Dar hajaribu tena mpaka mwisho, anakuja kukuandikia usiku.

Kwa hiyo acha kuuliza "Kuna mwenye swali?" Swali hilo halina mwenyewe. Taja jina la mtu, na uanze na mdogo. Bosi wenu wa London akishasema "mimi naona tuendelee", nani wa chini yake atasema vingine? Mimi siku hizi nikiongoza kikundi chetu cha kuweka na kukopa nasema hivi: "Mweka hazina, nitakuuliza wewe kwanza, halafu bibi wa Pangani, halafu mwalimu. Mwenyekiti mstaafu atamalizia." Kila mtu anajua zamu yake iko wapi, anakohoa mapema, anawasha maiki. Mwenye aibu nampa taarifa tangu jana yake: kesho nitakuuliza kuhusu marejesho, jiandae. Na nikishauliza nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla sijaongeza neno. Kumi ni ndefu, utaona. Wewe nakujua, hufiki tatu.

Hili la kimya nimelijua kwa kuumia. Mwaka 2020, tulipoanza kukutana kwa simu, mimi nilikuwa katibu. Hoja ilikuwa kupandisha riba ya mkopo wa dharura. Mwenyekiti akauliza, "Jamani, tumekubaliana?" Kimya. Nami kwa mkono wangu huu nikaandika: wajumbe wote wameridhia. Kumbe wanne bando lilikuwa limewaishia, hawapo. Na mmoja, ambaye simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, tulikuwa tunamwona midomo inacheza na kidole kinapigwa mezani, tukadhani anawakaripia wajukuu. Alikuwa anapinga kwa nguvu zake zote, maiki imezimwa. Mwezi mzima hatukusalimiana vizuri. Tangu hapo uamuzi wowote naupitisha kwa majina, kila mtu anajibu kwa kinywa chake: naunga mkono, napinga, au bado nina wasiwasi. Aliyekatika njiani anapigiwa simu ya kawaida kabla sijaandika chochote. Na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuamua, naihesabu wakati wa kuamua. Kwenye ukumbi mtu akitoka mlango unalia. Mtandaoni anapotea kimyakimya.

Suala la kamera usiligeuze kesi. Nimesikia kuna viongozi wanalazimisha kila mtu awashe mwanzo mpaka mwisho. Kwenye Zoom, video ya watu wengi hata ikiwa ya ubora wa chini inakula zaidi ya MB 800 kwa saa. Sauti peke yake ni kidogo mno ukilinganisha na hapo. Kijana anayenunua bando la siku kwa hela yake utamwambia nini? Fungua linki dakika kumi kabla ya muda, wanaowahi wawashe kamera, waulizane hali, watoto hawajambo, mvua imenyesha. Salamu usiziue, ila zimalizike kabla ya ajenda. Baada ya hapo kamera iwashwe na anayeongea.

Ajenda nayo. Uliyonitumia nimeisoma: "1. Bajeti. 2. Mradi. 3. Mengineyo." Mtu ajiandae vipi na neno "Bajeti"? Andika swali: "Tununue mashine mbili sasa, au tusubiri mpaka Julai?" Hapo mtu analala na jibu, anaamka nalo. Yale ya kupeana taarifa tu waandikie wasome, msikutane kwa ajili yake. Kikundi chetu kinatumia Zoom ya bure, inakata dakika 40 zikitimia, na sijawahi kuona mwenyekiti mkali kama ule. Wewe kampuni inakulipia, ndiyo maana mnakaa saa mbili.

Na saa! Usiniambie wewe msomi haikuhusu. Katibu msaidizi wetu aliwahi kuweka kikao cha saa tatu asubuhi kwenye kalenda ya simu, akaandika 3:00. Simu haijui saa za Kiswahili, ikawaalika watu saa tisa usiku. Mjumbe mmoja aliamka kweli, akakaa gizani na kitenge mabegani akitungoja. Wewe una mlima zaidi: saa nne asubuhi ya Dar kwako Kigali ni saa tatu, na kwa huyo bosi wa London ni saa moja asubuhi wakati wa baridi, saa mbili wakati wao wa kiangazi, maana saa zao zinasogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Andika saa ya kila mji kwenye mwaliko.

Unakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, salamu zako za Siku ya Akina Mama zikanifikia vipandevipande? Sisi tulikuwa na kikao wiki ileile. Kilifanyika, kwa sababu kila mtu alikuwa na hoja kwenye karatasi na namba za wenzake, tukapigiana wawiliwawili. Weka mpango wa namna hiyo kabla hujauhitaji.

Kabla ya kufunga, soma kwa sauti: nani, afanye nini, lini. Mwenye jina aitikie. Hayo ndiyo yatakuwa yatokanayo, yaani mambo ya kufuatilia, ya kikao kijacho, na ndiyo utakayoanza nayo.

Meseji za pembeni usizijibu kwa hoja, utakuwa unaendesha vikao kumi na viwili. Jibu, "Nimeipenda, ilete Ijumaa, utaanza wewe." Halafu Ijumaa umwanzishe kweli.

Mdogo wako anasema betri ya simu yangu imechoka, kwa hiyo ukimaliza hicho kikao nipigie kwa sauti tu. Nitakuwa napepeta mchele, na safari hii nataka kusikia yule kijana wa Dar alisema nini.

Mama yako