Lehemu ya mvuta sigara kijana na mwembamba: yaliyonikuta Mafinga

Ndugu, umeuliza inawezekanaje kijana wa miaka 24, mwembamba, anayevuta sigara sita kwa siku na asiyependa vyakula vya mafuta, aambiwe kwamba lehemu (kolesteroli) na mafuta mengine ya damu yake hayako sawa. Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe nikiwa na miaka 27, nimeketi mbele ya daktari, nikiwa na hakika kwamba maabara wamechanganya damu yangu na ya mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa karani katika kiwanda cha kupasua mbao Mafinga, mji wa baridi mkoani Iringa. Anayeijua Mafinga ya mwezi wa Julai ataelewa kwa nini sigara ya alfajiri tuliiita jiko. Duka la karibu na geti liliuza sigara moja moja, na kiberiti kilifungwa kwa uzi kwenye nondo za dirisha, hivyo hukuhitaji hata kuwa na pakiti ili uwe mvutaji. (Jiko lenyewe lilikuwa la uongo, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na vidole huzidi kupoa.) Nilivuta nane hadi kumi kwa siku, kwa miaka sita.

Karatasi ya majibu ilionyesha lehemu kwa jumla 4.7, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na kwa kuwa kikomo kilichoandikwa pembeni kilikuwa 5.2, nilikwisha kuanza kuikunja niitie mfukoni. Daktari akaniambia nisome mistari ya chini. HDL, ile inayoitwa lehemu nzuri kwa kuwa husaidia kuyatoa mafuta kwenye kuta za mishipa na kuyarudisha kwenye ini, ilikuwa 0.8, ilhali kwa mwanamume haifai kuwa chini ya 1.0. Trigliseraidi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zilikuwa 2.2, na zinatakiwa zisifike 1.7. Hapo ndipo vijana wengi tunapodanganyika, maana HDL inaposhuka huishusha na jumla, na anayetazama mstari wa juu peke yake hujiona mzima.

Sigara inaingiaje? Nikotini huamsha homoni kama adrenalini, nazo huufanya mwili uachie mafuta ya akiba yaingie kwenye damu. Ini huyapokea na kuyatoa tena yakiwa trigliseraidi. Akiba hiyo hata mwembamba anayo. Moshi huohuo hudhoofisha kimeng'enya kinachoikomaza HDL. Lakini lililonishtua zaidi ni la LDL, yaani lehemu mbaya, ambayo kwangu ilikuwa 2.9 tu: kemikali za moshi huioksidisha, yaani huiharibu kikemikali, na LDL iliyooksidishwa ndiyo inayomezwa na seli zilizo ukutani mwa mshipa na kuanza kujenga utando. Kwa hiyo 2.9 ya mvutaji si sawa na 2.9 ya asiyevuta, ingawa karatasi haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Nchini Marekani, wataalamu waliochunguza miili ya vijana wa miaka 15 hadi 34 waliofariki kwa ajali na vifo vingine vya ghafla waliukuta utando huo tayari kwenye mshipa mkuu wa damu, na ulikuwa mwingi zaidi kwa wavutaji.

Wala usijifariji kwamba sita ni chache. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la tiba la BMJ ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mwenye kuvuta 20.

Hata hivyo nisiibebeshe sigara kila kitu. Siku ile nilipima nikiwa nimekunywa chai ya maziwa na kula vitumbua vitatu, tena ilikuwa Machi, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na jioni iliyotangulia sikuwa nimejinyima. Chakula na pombe hupandisha trigliseraidi. Niliporudia kipimo baada ya kufunga saa 12, zilikuwa 1.9, HDL haikusogea, ilibaki 0.8.

Kuacha kulinichosha kwa wiki tatu hivi, nami nikawa naingilia geti la nyuma, linapopita gogo, ili nisilione lile duka. Baada ya miezi mitatu HDL ilikuwa 0.9, na baada ya mwaka ikafika 1.0, ingawa nilikuwa nimeongezeka kilo nne. Trigliseraidi zilishuka hadi 1.6, lakini hizo nazihesabia zaidi kupunguza ulanzi na sukari.

Rudia kipimo ukiwa umefunga, na uombe uandikiwe mistari yote minne. LDL ikifika 4.9 au zaidi, au ikiwa mzazi wako aliugua moyo akiwa bado kijana, mweleze daktari mapema, kwa sababu ipo lehemu ya kurithi ambayo haishuki kwa kuacha sigara peke yake na huhitaji dawa.