Lenzi ya f/1.8 inunuliwe kwa ajili ya shata, si kwa ajili ya ukungu

Wengi wanaoniuliza kuhusu lenzi ya praimu, yaani ile isiyozumu, huwa wameshaona picha fulani iliyowateka: uso uko wazi hadi kope zinahesabika, na nyuma yake kila kitu kimeyeyuka. Wanataka hiyo. Ni picha nzuri, na lenzi hii inaiweza. Lakini kwa mtu anayepiga picha za kila siku, za watoto ndani ya nyumba, za jamaa wanaozungumza jioni taa zimewashwa, ule ukungu wa nyuma ni nyongeza tu. Pesa yako inarudi kwenye shata, yaani kasi ambayo kamera hufungua na kufunga njia ya mwanga.

Chukua lenzi ya kuzumu inayouzwa pamoja na kamera nyingi, ile ya 18-55 mm. Kwenye 18 inafunguka hadi f/3.5, ukivuta mpaka 55 inabaki f/5.6. Namba ya f hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga, ndiyo maana namba ikishuka tundu linapanuka. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Sasa ingia sebuleni usiku. Tuseme kwa f/5.6 na aiso 3200 (aiso ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) kamera inakupa shata ya 1/15 ya sekunde. Mtoto akigeuza kichwa, uso unatoka umevurugika. Fungua mpaka f/1.8, aiso iache palepale, na shata inapanda hadi karibu 1/150. Mtoto yuleyule, taa ileile, na sasa jicho limesimama. Teknolojia ya kutuliza mtikisiko haiwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu inatuliza mkono wako wewe. Mtoto anaendelea kuruka.

Ukishaelewa hilo, swali la kununua linabadilika. Badala ya kuuliza lenzi ipi inafuta nyuma zaidi, jiulize: watu ninaowapiga picha huwa wako umbali gani kutoka nilipo mimi?

Hapa ndipo ushauri wa "nunua 50 tu", yaani lenzi ya milimita 50, unapowapoteza watu. Una historia yake. Leica ya kwanza kuuzwa madukani, kamera ya Kijerumani ya mwaka 1925, ilikuja na lenzi ya 50 mm iliyofungwa moja kwa moja kwenye kamera, na mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa 50. Ila hao wote walikuwa na fremu ya filamu ya milimita 36 kwa 24. Ukiwa na kamera ya fremu kamili, ambayo sensa yake (kile kibao kinachopokea mwanga) ina ukubwa huohuo, 50 ni ileile yao. Ukiwa na kamera ya APS-C, ambayo sensa yake ni ndogo, 50 inaona kama 75 au 80, yaani inaona eneo finyu zaidi. Kwenye Micro Four Thirds, yenye sensa ndogo zaidi, inaona kama 100. Hiyo ni lenzi nyingine kabisa.

Tuiingize chumbani. Mtu mzima wa mita 1.7 amesimama, umegeuza kamera wima ili umpate kichwa hadi miguu. Kwa 50 mm kwenye APS-C unahitaji umbali wa karibu mita 3.6, na hapo unywele unagusa ukingo wa juu na viatu vinagusa ukingo wa chini. Vyumba vingi watu wanamoishi havina nafasi hiyo ukishatoa viti na meza. Utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Kwa 35 mm, mtu huyohuyo anaingia ukiwa mita 2.5 hivi. Tofauti ya mita moja ndani ya nyumba ni kubwa mno, na ndiyo inayoamua kama lenzi itakaa kwenye kamera au itakaa kabatini.

Kwa hiyo mimi natumia 35 mm f/1.8 kwenye kamera ya APS-C, na anayeanza na sensa ya ukubwa huo namwambia aanze hapo. Ya Nikon ya aina hii, AF-S DX 35mm f/1.8G, ilitoka mwaka 2009 na ina uzito wa gramu 200, kwa hiyo kuzipata zilizotumika si tabu. Mwenye fremu kamili, 50 au 35 zote ni sawa. Ya 50 huwa nyepesi na rahisi zaidi. Canon EF 50mm f/1.8 STM, kwa mfano, haizidi sana gramu 160, na inasogelea kitu hadi sentimita 35.

Kama bado unasita, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Chukua zumu yako, iweke 35, usiiguse kwa wiki nzima. Kisha wiki nyingine weka 50. Mwili utakujibu: ama unajikuta unarudi nyuma kila mara, ama unasogea mbele. Wengine hushauri ukague data za picha zako za zamani uone milimita zipi zinajirudia. Mimi siiamini sana njia hiyo. Mtu mwenye zumu huivuta hadi mwisho au huirudisha hadi mwanzo, kwa hiyo utakuta 18 na 55 zimejaa bila kukuambia lolote kuhusu macho yako.

Na f/1.4 je? Kati ya f/1.8 na f/1.4 kuna kama theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kwa lugha ya shata, 1/100 inakuwa 1/160. Inasaidia, lakini kwa kawaida unailipia kwa bei na kwa uzito, na lenzi nzito huachwa nyumbani. Kwa matumizi ya kila siku nachagua f/1.8 bila kusitasita.

Ukinunua iliyotumika, ielekeze kwenye mwanga wa tochi, fungua na funga apacha, yaani lile tundu la mwanga, tazama ndani. Vumbi dogo halina neno. Utando kama wa buibui ni kuvu. Hiyo achana nayo. Mafuta kwenye vile vibati vya apacha ni dalili mbaya pia, maana vinaweza kukwama. Hakikisha vilevile kwamba lenzi inajifokasi yenyewe kwenye kamera yako. Mfano unaowakuta wengi ni Nikon: lenzi za AF-D, kama 50mm f/1.8D, hazina mota ndani na hutegemea mota ya kamera. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Utaifunga, itapiga picha, lakini fokasi utazungusha kwa mkono.

Sasa matumizi, na hapa ndipo penye utamu. Kwa f/1.8 ukanda ulio wazi, yaani kina cha mbele hadi nyuma kinachotoka kikali pichani, ni mwembamba. Kwa 35 mm kwenye APS-C, mtu akiwa mita moja kutoka kwako, ukanda huo ni kama sentimita sita. Pua hadi sikio hautoshi. Kwa hiyo chagua mwenyewe pointi ya fokasi badala ya kuiachia kamera, na iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kamera yenye kutambua jicho ikufanyie kazi hiyo. Usifokasi katikati kisha ukahamisha fremu. Ule mzunguko mdogo wa mkono unatosha kuutoa ukanda kwenye jicho. Mtu akiwa karibu napiga picha mbili tatu kwa mfululizo, maana wewe na yeye mnayumba kidogo hata mkidhani mmetulia.

Kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika lenzi hizi, na halimo kwenye vitabu vya maelekezo. Mama ameketi dirishani anatunga uzi kwenye sindano. Ukimkabili uso kwa uso, sindano iko mbele na jicho liko kama sentimita 25 nyuma yake. Kwa f/1.8 utapata kimoja. Hata f/4 inakupa sentimita 13 hivi, bado haitoshi. Unaweza kubana hadi f/8, lakini hapo mwanga wa dirisha umeupoteza, na umerudi kwenye shata ya polepole uliyoikimbia. Badala yake, zunguka hatua mbili umwone kwa ubavu. Sasa sindano na jicho viko umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Ukanda uleule wa sentimita sita unavibeba vyote viwili: tundu la sindano, ncha ya uzi iliyolowa, jicho lililokunjwa. Ukuta wa nyuma unatulia wenyewe. Tangu nilipozoea kuutazama ukanda huo kama kipande cha kioo kilichosimama mbele yangu, nimekuwa nikiuliza kwanza nisimame wapi ndipo nifikirie apacha.

Kwa kundi la watu ukanda mwembamba ni adui. Safu mbili za watu, mita tatu kutoka kwako, f/1.8 inakupa kama nusu mita, na walio nyuma watafifia. Bana hadi f/4 au zaidi. Kila mmoja katika picha ya familia ana haki ya kuonekana.

Mimi huweka kamera kwenye hali ya kuchagua apacha, f/2 au f/2.8, aiso ya otomatiki, na shata isishuke chini ya 1/125 kwa watu waliotulia au 1/250 kwa watoto. Lenzi nyingi za f/1.8 zinakuwa kali zaidi ukibana kidogo, na ule mstari wa zambarau unaojitokeza kwenye kingo za vitu vinavyong'aa unapungua. Lakini mwanga ukiisha nafungua yote bila woga. Picha yenye jicho lililosimama na ulaini kidogo ni bora kuliko picha kali ya kitu kilichovurugika. Vivyo hivyo kwa chenga za aiso ya juu: nazivumilia.

Chini ya taa za tyubu au LED, ukiona mistari ya giza inayokatiza picha, ni taa inayopepesa. Penye umeme wa hezi 50 taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo shata ya 1/100 au 1/50 huondoa tatizo. Na kama kuna dirisha, zima taa kabisa. Mkalishe mtu hatua moja kutoka dirishani, ubavu kwa mwanga, uache upande wa pili uingie kivulini. Lenzi ya f/1.8 ndiyo inayokuruhusu kutegemea dirisha hilo moja hata siku ya mawingu.

Juani ni kinyume chake. Jua kali la mchana kwa f/1.8 na aiso 100 linadai shata ya karibu 1/8000, na kamera nyingi za bei ya kawaida huishia 1/4000. Picha inaungua. Bana hadi f/2.8 au sogea kivulini; kichujio cha kupunguza mwanga kinafaa pia ukikikumbuka. Hudi, ile kofia ya mbele ya lenzi, iache imefungwa muda wote, inazuia mwanga wa pembeni na inapokea kipigo lenzi ikigonga mlango.

Zumu yako usiiuze. Mahali usipoweza kusogea, ukumbini ulipopangiwa kiti au kwenye umati, miguu haitakusaidia, na zumu itafanya kazi kuliko praimu yoyote. Na kama baada ya miezi kadhaa utajikuta unatamani nyuso za karibu bila kumsogelea mtu mpaka aone haya, hapo ndipo ile 50 iliyokuwa ndefu mno chumbani inapokuwa lenzi ya pili nzuri sana kwa mwenye APS-C. Kwa fremu kamili, tafuta 85 mm f/1.8.