Gawio limetoka kwenye pango au kwenye mkopo? Kuisoma sehemu ya ufadhili katika hesabu za mfuko wa majengo

Ukitoka Chuo cha Uhasibu pale Njiro, au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ukapokelewa kwenye ofisi inayotunza hesabu za mfuko wa uwekezaji wa majengo (unaokusanya fedha za watu wengi kwa kuwauzia vipande, yaani hisa zake, ukanunua majengo ya kupangisha), utakabidhiwa mapema tu taarifa ya mtiririko wa fedha. Sehemu mbili za mwanzo utazimudu. Ya uendeshaji ni pango linaloingia na mlinzi, umeme na matengenezo yanayotoka; ya uwekezaji ni majengo yaliyonunuliwa na yaliyouzwa. Ya tatu, ya ufadhili, yaani fedha zinazotoka kwa wakopeshaji na wenye vipande na zinazorudi kwao, ndiyo inayowatoa watu jasho, na ndiyo mwenye vipande anayepaswa kuisoma kuliko zote.

Sababu iko kwenye umbile la mfuko wenyewe. Kampuni ya kawaida hubakiza faida yake, ikajijenga nayo taratibu. Mfuko wa majengo hauachiwi nafasi hiyo: Marekani sheria inautaka ugawe angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi, na Kenya, kwa kanuni za 2013, asilimia 80 ya faida baada ya kodi. Kwa hiyo jengo jipya halinunuliwi kwa akiba. Linanunuliwa kwa mkopo wa benki, kwa hatifungani au kwa kuuza vipande vipya, na yote matatu yanaangukia sehemu ya tatu. Ndiyo maana jumla yake ikiwa hasi usishtuke, na ikiwa chanya usishangilie. Mfuko unaolipa madeni na gawio (mgao wa wenye vipande) bila kukopa utaonyesha hasi kubwa, na mzima wa afya. Unaokopa ili ulipe gawio unaweza kuonyesha chanya.

Tuchukue mfuko wa mfano, wenye jengo la ofisi na maduka Arusha mjini na jingine Moshi. Tarakimu zote ni milioni za shilingi.

Deni la benki lilianza mwaka likiwa 6,000, likamaliza 7,614. Mgeni hutoa moja kwa nyingine, akaandika “mikopo mipya 1,614”, akahamia mstari unaofuata. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu mizania (orodha ya mali na madeni ya siku ya mwisho wa mwaka) inaonyesha deni lilipofika, haionyeshi fedha zilizopita benki. Fungua taarifa za benki na barua ya mkopo. Utakuta mkopo mpya ni 2,400 uliotolewa mwishoni mwa Desemba, lakini akaunti ilipokea 2,364 tu, maana benki ilikata ada yake ya 36 palepale. Marejesho ya mtaji wa mkopo wa zamani yalikuwa 900. Sehemu ya deni hilo la zamani ni dola milioni moja. Shilingi ikashuka kutoka 2,500 hadi 2,650 kwa dola, deni likavimba kwa 150 bila hata senti moja kuguswa. Sasa piga hesabu: 6,000 jumlisha 2,400, toa 900, toa 36, jumlisha 150, unapata 7,614. Fedha halisi ni 2,364 toa 900, yaani 1,464. Zile 150 hazina nafasi kwenye taarifa hii. Zinakaa kwenye jedwali la mabadiliko ya madeni ya ufadhili, ambalo IAS 7, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mtiririko wa fedha, imelidai tangu 2017, na mkaguzi ataliomba kabla hajakaa vizuri kitini.

Andika mikopo iliyopokelewa kwenye mstari wake na marejesho kwenye mstari wake. Usiyafute moja kwa jingine. Anayesoma anataka kuona kwamba mfuko umelipa 900 na kupokea 2,364. Akiona 1,464 peke yake hajui lolote.

Gawio nalo lina mtego wake, nao ni tofauti ya kutangaza na kulipa. Wadhamini, yaani wanaousimamia mfuko kwa niaba ya wenye vipande, wametangaza 1,000 mwaka huu. Mwanzo wa mwaka kulikuwa na gawio la 210 lililotangazwa bila kulipwa, mwisho wa mwaka limebaki 340, na wenye vipande kadhaa wamechagua kupewa vipande vya thamani ya 120 badala ya fedha. Kilicholipwa ni 210 jumlisha 1,000, toa 340, toa 120: yaani 750. Ndani ya zile 340 kuna kodi ya zuio (inayokatwa kwenye gawio kabla mwenye kipande hajalipwa) ya gawio lililolipwa Desemba, ambayo itapelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) Januari. Isahau hiyo, utakesha ukitafuta tofauti ndogo isiyoisha.

Vipande vipya vifuate mkondo huohuo. Mtaji umepanda 620, lakini 120 ni vile vya badala ya gawio, ambavyo havikuleta fedha. Zimebaki 500, toa 15 za mawakili na matangazo ya toleo, unapata 485. Rejista ya wenye vipande ndiyo ushahidi wako hapa. Kuna jambo la kuangalia pia kwenye hati ya udhamini: kama mwenye kipande ana haki ya kukirudisha na kudai fedha zake, vipande vinaweza kuhesabiwa kuwa deni na si mtaji, na gawio likaingia taarifa ya mapato kama gharama ya fedha. Soma hati hiyo kabla ya kugusa kompyuta.

Tuje kwenye riba, ambapo hesabu mbili halali zinaweza kutoa picha mbili. Riba ya mwaka ni 730. Deni la riba lilikuwa 40 mwanzo na 60 mwisho, kwa hiyo iliyolipwa ni 710. IAS 7 inaruhusu kuiweka kwenye uendeshaji au kwenye ufadhili, ilimradi mfuko ushikilie chaguo lake mwaka hadi mwaka. Tuseme uendeshaji kabla ya riba umeleta 1,530. Riba ikikaa kwenye ufadhili, msomaji anaona 1,530 dhidi ya gawio la 750, anasema gawio limefunikwa mara mbili. Ikikaa kwenye uendeshaji anaona 820 dhidi ya 750, imebaki 70. Mfuko ni uleule, shilingi ni zilezile. Sisi tunashauri ukokotoe hiyo 70 kila mara, popote riba ilipowekwa, kwa sababu benki hulipwa kabla ya mwenye kipande.

Kisha ilinganishe hiyo 70 na marejesho ya 900. Haiyatoshi hata kwa robo. Maana yake mkopo wa zamani unalipwa kwa fedha za mkopo mpya na za wanunuzi wa vipande, ni kuchimba shimo kuziba shimo. Si lazima liwe kosa: mifuko mingi ya majengo huendesha deni hivyo, jengo linabaki na mkopo unafanywa upya. Ila uhai wa mfuko sasa unategemea benki kukubali tena, na kwa riba gani. Uliza ratiba ya kuiva kwa mikopo yote. Kama nusu ya deni inaiva mwaka mmoja, hilo ni la kumwambia bosi leo, usingoje kikao cha wadhamini.

Hata ile 1,530 ipekue. Wapangaji wengi wa huku hulipa miezi sita au mwaka mzima mbele. Kampuni ya utalii ikilipa Desemba pango la mwaka ujao, fedha za uendeshaji zinavimba mwaka huu na kusinyaa mwaka unaofuata. Gawio likipangwa kwa kutazama salio la benki la Desemba, ifikapo Aprili na Mei, wageni wamepungua na wapangaji wanaomba kuvumiliwa, mfuko utakwenda kubisha hodi benki.

Vitu vichache hupotea njia mara kwa mara. Amana ya mpangaji si ufadhili hata kama utairudisha siku moja; imetokana na kupangisha, ibaki uendeshaji. Kama mfuko umekodi kiwanja kwa miaka mingi ukajenga juu yake, sehemu ya malipo inayopunguza deni la ukodishaji ni ufadhili. Riba iliyoongezwa kwenye gharama ya jengo linalojengwa nayo imelipwa kwa fedha, kwa hiyo iingie kwenye jumla ya riba iliyolipwa unayoitolea maelezo. Ovadrafti (ruhusa ya kutoa benki zaidi ya salio) inayopanda na kushuka, leo salio kesho deni, inaweza kuhesabiwa pamoja na fedha taslimu; iliyokaa kwenye deni mwaka mzima ni mkopo, iite hivyo. Na akaunti ambayo benki imeifunga kama akiba ya marejesho itajwe kwenye maelezo, maana fedha zipo lakini hazishikiki.

IFRS 18, kiwango kipya cha kimataifa cha kupanga taarifa za hesabu, inaanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027, na imeleta marekebisho ya IAS 7. Chaguo la riba linaondoka: gawio linalolipwa ni ufadhili, na riba ya mikopo ya mfuko kama huu nayo itakaa huko. Hesabu za 2026 zitapangwa upya ili zilinganishwe na za 2027. Kama mfuko wako umekuwa ukiweka riba kwenye uendeshaji, fedha za uendeshaji zitaonekana kupanda ghafla bila mpangaji hata mmoja kuongezeka. Tenga malipo ya riba kwenye msimbo wake wa daftari kuu kuanzia Januari 2026, yasichanganyike na ada za benki, na andaa aya ya kuwaeleza wenye vipande kabla hawajapiga simu.